P2563: Msimbo Unaosomwa Nusu

Mashine ya kupimia ikichomekwa kwenye gari la dizeli lililokosa nguvu, huenda kioo chake kikatoa herufi moja na tarakimu nne, P2563, na chini yake maneno machache: turbo, kidhibiti cha upepo, sensa A ya mkao, sakiti, kiwango/utendaji. Hakuna kitenzi hata kimoja. Nomino zimepangwa kuanzia kitu kikubwa hadi kidogo, na mpangilio huo unawaponza wengi, kwa sababu neno la kwanza ndilo la kifaa cha bei kubwa kuliko vyote vilivyotajwa, ilhali shauri lenyewe liko mwishoni. Anayeishia neno la kwanza humwambia mwenye gari akanunue turbo.

Maneno haya hayakupangwa ovyo. Yamo katika orodha ya J2012 ya SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzia Marekani, nchi iliyolazimisha magari madogo kuanzia modeli za 1996 yawe na mfumo wa kujipima unaosomeka kwa mashine ya fundi yeyote. P ni injini na gia. Ile 2 inayofuata inatuambia kwamba msimbo ni wa viwanda vyote. Lakini utamu wa umbo hauonekani mpaka majirani wake wasimame pamoja. P2562 inataja sakiti tu, bila ufafanuzi. P2563 ni kiwango/utendaji. P2564, umeme wa ishara uko chini mno, P2565, uko juu mno, P2566, unakatikakatika. Mpangilio huohuo unarudi kwenye sensa ya mkao wa throtoli, P0120 hadi P0124, na ya krenkishafti, P0335 hadi P0339. Aliyezoea takhmisa ataujua mara moja: mishororo mitano, kila mmoja na zamu yake, na aliyeuelewa ubeti mmoja amezielewa beti nyingi.

Mshororo wa pili ndio wenye kasoro, nayo imejificha kwenye mkwaju ule kati ya kiwango na utendaji. Kwenye turbo zenye sensa hii, kama ile ya injini ya Toyota 1KD-FTV ya lita 3.0, vibawa vidogo vya chuma hulizunguka gurudumu linalosukumwa na moshi. Mota huvigeuza, na sensa huiarifu kompyuta vimegeuka kiasi gani. Kompyuta hulinganisha agizo lake na taarifa iliyoletwa. Vikipishana kupita kiasi, msimbo huandikwa. Sasa, kupishana huko kuna asili mbili zisizofanana kabisa. Pengine sensa inadanganya: vibawa viko hapa, yenyewe inasema viko kule. Au sensa inasema kweli tupu, na vibawa vimegandishwa na masizi hata havitii. Katika hali hii ya pili mleta habari ni mwaminifu, lakini sentensi imemtaja yeye, na fundi anayeiamini neno kwa neno atabadilisha sensa nzima iliyo sawa. Kwa maoni yangu, mkwaju huo ulipaswa kuvunjwa, kila upande upewe msimbo wake.

Mshororo wa tatu na wa nne ni kazi safi. Sensa ya kawaida ya mkao ina nyaya tatu: wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa hasi, na wa ishara, ambao mara nyingi hucheza kati ya volti 0.5 na 4.5. Ishara ikishuka hadi sifuri au ikipanda hadi 5, hakuna mkao wa kibawa unaoweza kuieleza. Hapo kuna waya uliokatika, nyaya zilizogusana, au sensa iliyokufa. Tazama fundi makini anavyoitumia nafasi hii. Gari limeleta P2564. Anafungua swichi bila kuwasha injini, anachomoa plagi ya sensa, anapima kwa multimita kati ya waya wa volti 5 na wa hasi. Volti 5 zipo. Kisha, mwongozo wa gari hilo ukiruhusu, anaunganisha waya wa volti 5 na wa ishara kwa kipande cha waya chenye fyuzi, na kutazama kioo. P2564 ikigeuka P2565, nyaya na kompyuta viko salama. Mshtakiwa aliyebaki ni sensa. Isipogeuka, anaufuata waya wa ishara hadi kwenye kompyuta. Tarakimu moja imebadilika, na shauri limekatwa bila kununua kifaa chochote. Kwenye turbo ambazo sensa imo ndani ya mota yenye kompyuta yake ndogo, njia hii haitumiki.

P2566 ndiyo ngumu, maana inaeleza jambo ambalo huenda halipo wakati wa kulisoma. Chati za ndiyo na hapana huishiwa hapa, kwa kuwa kila kipimo hurudi kizima. Kinachosaidia ni ukurasa wa data zilizogandishwa pale msimbo ulipoandikwa: mizunguko ya injini, mzigo, joto la maji, mwendo wa gari. Injini ikiwa ilikuwa ya moto na chini ya mzigo, mkono uanzie kwenye nyaya zilizo jirani na turbo, ambako ganda la waya hukauka na kupasuka. Zitikiswe kidogo kidogo huku jicho likiwa kwenye grafu ya ishara. Na ukurasa huo unakiliwe kwanza, kwa sababu amri inayofuta msimbo huufuta nao.