Sifa za Mkalimani

Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Kigoma, akatua Kibamba, pwani ya Fizi, mashariki mwa Kongo. Vita alivijua, Kiswahili hakukijua. Waasi aliokwenda kuwasaidia wakampa kijana aliyekuwa bado balehe, Freddy Ilanga, amfundishe lugha na kumkalimania. Walikaa pamoja miezi kama saba, mpaka mambo yalipoharibika na Che akarudi ng'ambo mwezi wa Novemba. Vitabu vinamsimulia Che. Mimi namwazia yule kijana. Mgeni akikasirika, ni nani wa kuwafikishia hasira hiyo watu wazima, tena makamanda, katika nchi ambayo mtoto hamkaripii mzee hata kwa maneno ya kuazima? Ilanga alipelekwa Cuba, akaishia kuwa daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto. Sishangai. Alikuwa ameshazoea kazi isiyosamehe pupa.

Fizi bado inaishi kwa kazi ya ukalimani. Kuna Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge, Kirundi cha wakimbizi wa kambi ya Lusenda, Kifaransa cha ofisini. Kiswahili kinatuunganisha sokoni Baraka, lakini mama aliyeshikwa na hofu hurudia lugha ya kwao.

Mtazame basi mama huyo mbele ya daktari, mtoto amelegea mapajani. Anaeleza kwa kirefu: mtoto alianza kuhara usiku, wa jirani alianza juzi, na nyumba zote mbili huchota maji ziwani, mahali pamoja. Mkalimani mvivu anageuka na kusema: “Anahara tangu usiku.” Amefupisha, na anaona amesaidia. Kumbe ameacha nje jirani na maji, na pwani hii kipindupindu hakijaihama. Mkalimani fundi hulibeba hata lile linalofanana na umbea. Asipoelewa, huomba ruhusa akauliza tena, bila kuona haya. Hukaa pembeni kidogo, ili daktari na mama watazamane wao kwa wao.

Kulainisha maneno ni jambo jingine. Nyumbani, ndugu wakigombana na wewe ndiwe mjumbe, tusi moja likipotea njiani hakuna atakayelidai. Mimi mwenyewe ningelipoteza. Kwenye chumba cha daktari, hapana: habari mbaya ipelekwe kama ilivyotoka, na sauti ndiyo iwe ya upole.

Linaloniudhi ni kwamba kazi hii hupewa yeyote aliye karibu: mlinzi wa getini, mfagiaji, au binti wa mgonjwa mwenyewe. Mlinzi anaweza kufundishwa, na wapo walinzi wenye kipaji. Lakini binti asisimamishwe hapo kumkalimania mama yake mambo ya uzazi. Atafutwe mwanamke mwingine anayeijua lugha, hata kama foleni itasubiri mpaka saa nane.