Kambi ya Sayansi na Mtoto Aulizaye

Leo twataka kuitazama kazi moja iliyofanywa Marekani, tuseme wema wake na upungufu wake, bila ya choyo wala kujipendekeza.

Mae Jemison, daktari na mhandisi, ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kupaa anga za juu, mwezi wa Septemba 1992. Mwaka 1994 alianzisha kambi ya sayansi iitwayo The Earth We Share, chini ya taasisi yenye jina la mamake, Dorothy. Watoto wa miaka 12 hadi 16 walikaa pamoja majuma manne. Haja ya kambi za namna hii yajulikana: katika nchi ile watoto weusi, watoto wa mafukara na wasichana wamekuwa wachache katika sayansi, si kwa upungufu wa akili, bali kwa kuwa hawakufunguliwa mlango.

Sifa yake kubwa ni kuwa mtoto hakupewa majibu ayakariri. Alipewa suali alihangaikie. Moja lilikuwa: dunia yaweza kuchukua watu wangapi? Hilo halijibiki bila ya kupima maji, ardhi, chakula na, juu ya yote, uadilifu wa kugawa. Sisi twaamini kuwa rizki yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Lakini kuizuia na kuifuja ni kazi ya mikono yetu. Suali hilo ni jema.

La pili halikutupendeza. Watoto walitakiwa wabashiri hisa za makampuni gani zitapendwa sokoni mwaka 2030. Mwenye kulitetea atasema kuwa mtoto hawezi kujibu ila ajue kwanza uvumbuzi gani waja. Ni kweli. Lakini mtoto akizoeshwa kuipima elimu kwa faida tu, maradhi ya maskini, yasiyo na faida, atayatibu nani?

Upungufu wa tatu ni wa kambi zote. Majuma manne hupita, na mtoto hurudi kwenye skuli ile ile na nyumba ile ile. Ikiwa huko hapana wa kumsikiliza, moto uliowashwa huzimika.

Hapa, msomaji, lawama yaturudia sisi. Neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume (S.A.W.) ni amri ya kusoma. Wazee wetu wa pwani walizijua nyota za kuongozea jahazi, kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu. Leo binti yako akikuuliza kwa nini maji hujaa na kupwa, wamjibuje? Wengi wetu humwambia, "Nyamaza, shika ufagio." Ndugu yake akiuliza lilo hilo, husifiwa.

Wala hapahitajiwi mali nyingi. Likizo ikifika, nenda naye ufukoni mwezi 15, aweke alama pale maji yalipofika. Rudini mwezi 22, alinganishe. Kisha usimwambie sababu, mwulize yeye.

Dorothy alikuwa mwalimu wa skuli huko Chicago. Basi kabla ya kambi palikuwa na mama. Kambi ya kwanza ya mtoto ni nyumba yake, na ufunguo wake tunao sisi wazee. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.