Kocha wa Mbio Akiwa Safarini: Jinsi ya Kumtambua Aliye Bora

Ratiba ya mazoezi ya marathoni siku hizi ni kitu cha bure. Ukitaka ya wiki 16 utaipata mtandaoni sasa hivi, kilomita zimejumlishwa na siku za kupumzika zimewekwa rangi yake. Anayemlipa kocha wa mbali kila mwezi ili atumiwe ratiba ananunua kitu ambacho angekiokota. Anacholipia hasa ni kile kinachofuata: Jumanne ameshindwa kumaliza marudio ya kasi, Jumatano barafu imefunika barabara za Minneapolis, Alhamisi goti linauma, na siku hiyohiyo kocha yuko uwanja wa ndege akingoja kuunganisha safari. Hapo ndipo utajua kama una kocha au una karatasi.

Kazi hii imekita mizizi Iten, Kaptagat na Eldoret. Kocha huyohuyo anayesimama kando ya barabara ya vumbi alfajiri ana wateja Ulaya, Marekani na Ghuba, na majira ya marathoni kubwa yakifika hupanda ndege na mwanariadha wake huku wengine wote wakiendelea kumtegemea kwa simu. Kambi zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hata wakimbiaji wa kiwango cha dunia walirudi makwao wakafanya mazoezi peke yao, na makocha waliozoea kutazama kwa macho walilazimika kufundisha kwa ujumbe wa sauti. Wako waliojifunza ufundi mpya. Wengine walihamishia WhatsApp yaleyale waliyokuwa wakiyapaza uwanjani, na hadi leo ndivyo wanavyofanya.

Kuelewa tofauti yao, anza na jicho. Bruda Colm O'Connell alifika St. Patrick's High School, Iten, mwaka 1976 akitokea Ireland, kuja kufundisha jiografia. Hakuwa mtu wa riadha. Ukocha aliupata kwa kutazama, mwaka baada ya mwaka, vijana wakipita mbele yake. Kati ya waliopita mikononi mwake ni Peter Rono, bingwa wa mita 1,500 Seoul 1988, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012. Jicho la namna hiyo huona bega linalopanda kabla mkimbiaji mwenyewe hajachoka, unyayo unaoanza kutua kwa kishindo, uso wa mtu ambaye hakulala. Kocha wa mbali hana jicho hilo. Aliye bora analijua pengo hilo na hulijaza kwa bidii. Wa kawaida hufanya kazi kana kwamba pengo halipo.

Pengo hujazwa kwa maswali, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kwa muda mrefu kuliko pengine popote.

Kwetu, mtu akiulizwa hali hujibu nzuri. Hata mgonjwa kitandani husema hajambo kwanza, ndipo aeleze homa. Mwanariadha kijana anamwita kocha wake mwalimu, na kumwambia mwalimu kwamba zoezi lake limekushinda ni jambo zito mdomoni. Kwa hiyo kocha anayeuliza "mazoezi yalikuwaje?" atajibiwa "poa" mwezi mzima, mpaka siku atakapoambiwa kwamba kijana hawezi kukanyaga. Kocha hodari huuliza swali ambalo adabu haiwezi kulijibu. Kwenye marudio ya nane, ungeweza kutamka sentensi nzima? Asubuhi ukitoka kitandani, hatua ya kwanza ilikuwaje, na ya kumi? Maumivu yako mbele ya muundi au ndani, na ukibonyeza kwa kidole kimoja unapata nukta au eneo zima? Swali hilo la mwisho lina maana kubwa: maumivu yaliyokusanyika kwenye nukta moja ya mfupa ni ishara ya kusimamisha mbio na kwenda kupigwa picha, wakati maumivu yaliyotawanyika kwenye msuli mara nyingi hupoa kwa kupunguza mzigo. Kwa mwanamke atauliza pia, kwa heshima na bila kuzungukazunguka, kama hedhi inakuja kama kawaida, maana kukatika kwake mara nyingi ni dalili kwamba mwili haupati chakula cha kutosha kwa kazi unayofanya, na mifupa ndiyo italipa.

Makocha wengi huomba pia namba: kuanzia 1 hadi 10, zoezi lilikuwa zito kiasi gani? Msingi wake ni kipimo cha Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, na kinafaa sana kwa kazi ya mbali. Lakini angalia kocha anaifanyia nini namba hiyo. Ukiandika 8 kwa mbio zilizopaswa kuwa 3, na kesho yake ratiba haijaguswa, hakuna aliyekusoma.

Baada ya maswali, angalia jinsi zoezi linavyobadilika likihama mahali. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa oksijeni huko ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Kasi iliyoandikwa kwa ajili ya Iten haimfai mtu wa Mombasa, na ya Mombasa mwezi Machi, kwenye joto na unyevu unaokausha nguvu kabla ya saa mbili asubuhi, haimfai mtu wa Oslo mwezi Januari. Kuna jaribio zuri unaloweza kumpa kocha yeyote: mwombe zoezi moja kwa miji hiyo mitatu. Akikupa kasi ileile kwa kila kilomita, umemaliza kazi yako. Mwenye ufundi ataacha kasi na kukupa muda na uzito wa juhudi.

Ndiyo maana fatleki ya Alhamisi ya Iten, dakika moja ya kasi na dakika moja ya polepole, mara 20 au 25, ni zoezi linalosafiri vizuri kuliko yote. Halihitaji uwanja wala barabara iliyopimwa. Linakwenda mlimani, ufukweni, hata juu ya mashine ya kukimbilia katika hoteli ya Doha. Jambo jingine la Iten linalostahili kusafiri ni ule mwanzo wa polepole: mabingwa wa dunia wakianza mbio nyepesi kwa mwendo ambao mgeni angeona aibu kuuweka Strava. Kumshawishi mteja wa Berlin mwenye saa ya bei kubwa apunguze mwendo ni kazi ngumu, na kocha anayeweza kumshika hapo, wiki baada ya wiki, bila kumkaripia, namheshimu sana.

Saa hizo nazo zina uongo wake. Kipimo cha mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono, hasa baridi ikiwa kali, mara nyingine hunasa mdundo wa hatua badala ya moyo. Mtu anapiga hatua 175 kwa dakika na saa inasema moyo wake unapiga 175. Katikati ya maghorofa ya Chicago setilaiti hupotea na saa huongeza kilomita ambazo hazikukimbiwa. Kocha makini akiona mapigo yameruka ghafla dakika ya nne na kukaa palepale, hamwambii mtu kwamba ana tatizo la moyo. Humwambia avae mkanda wa kifuani. Na atathamini maneno machache ya mkimbiaji kuliko mchoro mzima wa skrini. Eliud Kipchoge, pamoja na vifaa vyote vinavyomzunguka, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwa mkono kwenye daftari miaka yote hii.

Sasa safari yenyewe. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York hukaa angani takriban saa 15, na kabla na baada yake kuna foleni, usingizi uliopinduka na laini ya simu isiyoshika. Fungua ratiba yako uangalie kocha amekuandikia nini kwa siku zile anazosafiri. Ukikuta mbio nyepesi, mapumziko, mazoezi unayoyajua tayari, basi aliketi akapanga wiki yako akijua hatakuwepo kukujibu. Ukikuta marudio mapya ya kasi ambayo hujawahi kuyafanya, siku ambayo simu yake imezimwa, alinakili tu. Ishara hii hainidanganyi. Kocha mzuri pia hukwambia mapema tarehe zake za mashindano, na hukuachia mtu wa kumpigia ukiumia.

Kisha kuna saa. Ukisema na Mswahili aliyeko ng'ambo "tuongee saa mbili", mmoja atasubiri usiku na mwingine atasubiri alasiri, maana ameshazoea kusoma saa ya Kizungu. Kocha anayejua kazi huandika saa mbili usiku ya Nairobi, ambayo New York ni saa saba mchana wakati wa kiangazi na saa sita wakati wa baridi. Zaidi ya hapo, anajua kwamba Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na Ulaya hungoja hadi Jumapili ya mwisho. Katikati kuna wiki mbili au tatu ambazo hesabu zote huvurugika, na kwa anayejiandaa kwa Boston, inayokimbiwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, hizo ndizo wiki za mazoezi mazito kabisa.

Na safari za kocha ziwe faida kwa mwanafunzi. Aliyewahi kusimama kwenye barabara ya Boston anajua kwamba wengi huharibikiwa kwenye mteremko wa mwanzo, misuli ya mbele ya paja inapopigwa nyundo kimyakimya, ndipo vilima vya Newton vinakuja kudai deni. Atakuandalia miteremko, si vilima pekee. Aliyekwenda New York atakwambia kuhusu madaraja. Kocha anayerudi na picha za hoteli bila neno moja kuhusu kona, upepo na mahali pa maji amesafiri kwa ajili yake mwenyewe.

Kuna mahali ambapo sitaki mzaha. Mwanariadha aliye kwenye orodha ya kupimwa dawa haramu hutakiwa kutaja kila siku mahali na dakika 60 atakapopatikana. Akikosekana au akitoa taarifa zisizo sahihi mara tatu ndani ya miezi 12, ni kosa linaloweza kumfungia miaka. Safari ndiyo inayowaangusha wengi: tiketi imebadilishwa, hoteli imebadilishwa, fomu imesahaulika. Kocha wa kiwango hicho hukumbusha fomu kabla ya kukumbusha viatu. Na kocha anayekutajia kwenye simu jina la kidonge au sindano bila daktari, hata akisema ni vitamini tu, mwache siku hiyohiyo. Orodha ya vilivyopigwa marufuku husasishwa kila Januari 1, na uchafu ulioingia kwenye chupa ya virutubisho unaweza kumfungia aliyemeza hata kama hakujua.

Ukweli wa kocha hupimwa pia kwa jinsi anavyozungumzia hatari ya mbinu zake mwenyewe. Gervais Hakizimana, Mnyarwanda aliyemfundisha Kelvin Kiptum, alisema hadharani mwaka 2023 kwamba kijana wake alikuwa akikimbia zaidi ya kilomita 250 kwa wiki, na kwamba alihofia ataumia akiendelea hivyo. Kiptum alikuwa ndiyo kwanza anaushangaza ulimwengu; Oktoba mwaka huo alikimbia Chicago kwa 2:00:35, rekodi ya dunia. Wengine wangetumia kilomita hizo kujitangazia biashara. Wote wawili walikufa pamoja kwa ajali ya gari Februari 11, 2024, na pengo lao bado linauma. Ule ujasiri wa kutaja hatari wakati makofi yanapigwa ndio ninaoutafuta kwa kila kocha, awe na bingwa mmoja au wauguzi kumi wanaojiandaa kwa nusu marathoni.

Kuhusu fedha sina mengi. Bei iandikwe, iseme ni kwa mwezi au kwa msimu, iseme utarudishiwa nini ukiumia. Risiti itolewe. Kocha anayefanya kazi akiwa nchi za watu ajue masharti ya viza na kodi ya huko, kwa kuwa akifukuzwa katikati ya msimu ni wewe utakayebaki bila mwalimu.

Kabla ya kulipa mwezi wa kwanza, omba simu ya nusu saa. Sikiliza nani anauliza na nani anajieleza. Akizungumzia medali za wanafunzi wake dakika ishirini na hajui unafanya kazi zamu gani, unalala saa ngapi wala uliumia lini mara ya mwisho, mshukuru na utafute mwingine. Ukimpata anayeuliza, mlipe kwa wakati, na umwambie ukweli kuhusu mguu wako siku unapoanza kuuma, usingoje wiki ya mashindano.