Damu kwa Idhini: Kanuni za Nyumba katika Mchezo wa Wanyonya Damu

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi amezoea kuanza kazi yake pale ambapo mtunzi amekwisha kuweka kalamu chini. Matini imekamilika, wahusika wameishi na kufa kama alivyopenda mtunzi, na hakuna msomaji awezaye kumwokoa mhusika aliyekwisha kuuawa katika sura ya tano. Upo, hata hivyo, utanzu ambamo mambo hayako hivyo. Katika mchezo wa kuigiza wahusika, watu kadhaa hutunga hadithi moja kwa pamoja, kila mmoja akisema na kutenda kwa niaba ya mhusika wake. Makala haya yanachunguza kanuni za nyumba, yaani kanuni ambazo kila kundi hujiwekea, katika mchezo wa wanyonya damu unaochezwa kwa maandishi kwenye mtandao wa kompyuta. Inadaiwa hapa kwamba kanuni hizo si makatazo matupu, bali ni nadharia ya usimulizi iliyoandikwa na watu ambao hawakukusudia kuandika nadharia. Swali linalozikabili ni moja: ni nani mwenye haki juu ya uhai wa mhusika?

Usuli

Mchezo wa aina hii ulipata sura yake ya kuchapishwa nchini Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Humo mchezaji aghalabu alikuwa shujaa apambanaye na mazimwi. Mwaka 1991 kampuni ya White Wolf ilichapisha Vampire: The Masquerade, kazi ya Mark Rein-Hagen, na uhusiano huo ukageuzwa: sasa mchezaji ndiye zimwi. Mgeuko huu ulikuwa umetayarishwa na riwaya. Mnyonya damu wa John Polidori (1819) na yule wa Bram Stoker (1897) huonekana kwa macho ya wengine. Katika Interview with the Vampire ya Anne Rice (1976) anajisimulia mwenyewe. Mchezo ulichukua nafsi hiyo ya kwanza ukamkabidhi kila aketiye mchezoni.

Pamoja na nafsi hiyo ulikuja mzigo. Kila mhusika ana kipimo cha utu ambacho upeo wake ni 10. Ukatili waweza kukishusha, na kikifika 0 mnyama aliye ndani humshinda mhusika, naye hutoka mikononi mwa mchezaji akawa wa Msimulizi, yaani yule aongozaye hadithi. Tangu mwanzo, basi, umiliki wa mhusika ulikuwa na masharti.

Kitabu cha mchezo huwaruhusu wachezaji kubadili kanuni yoyote isiyowafaa. Ruhusa hiyo ndiyo mama wa kanuni za nyumba. Mezani, ambako watu wanaonana, uso uliokunjwa au kimya cha ghafla hutosha kumwonya aliyepita mpaka. Katika maandishi, tena baina ya watu wasiojuana, hapana uso wala kimya kinachosomeka. Hapana budi adabu iandikwe.

Sarufi ya kutenda

Kanuni mbili hurudiwa katika nyumba nyingi. Ya kwanza hutenganisha ujuzi wa mchezaji na ujuzi wa mhusika: alichokisoma mchezaji katika chumba cha pembeni, mhusika hana ruhusa ya kukijua mpaka akipate ndani ya hadithi. Hili ni suala la mtazamo wa usimulizi. Tofauti ni kwamba riwaya humkabidhi mtunzi mmoja kazi ya kulinda mpaka wa mtazamo, ilhali mchezo humtaka kila mshiriki aulinde dhidi ya tamaa yake mwenyewe.

Kanuni ya pili humkataza mchezaji kuandika matendo ya mhusika asiye wake. Kwa mtazamo wa kiisimu, hii ni kanuni ya kitenzi. Mchezaji hawezi kuandika, "Anamng'ata shingoni." Aweza kuandika, "Anamrukia ili amng'ate shingoni." Sentensi ya kwanza hutangaza tokeo, ya pili hueleza kusudi na kumwachia mwenzake nafasi ya kuikamilisha. Kilichoonekana kuwa katazo ni muundo wa utunzi: kila tendo kubwa huandikwa na watu wawili, na hakuna mmoja wao aliye na sentensi nzima.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatashangazwa na jambo hili. Katika malumbano, mshairi huruhusiwa kumshambulia mpinzani wake kwa mafumbo makali, lakini haandiki jibu la mpinzani. Hutoa beti zake akangoja. Ukali wa malumbano hautokani na kukosekana kwa kanuni; hutokana na kanuni inayompa mpinzani uhakika wa kusikika.

Idhini na kifo

Utata halisi huzuka panapo kifo. Zipo nyumba ambamo mhusika hauawi ila kwa idhini ya mchezaji wake, na zipo ambamo dadu za pande 10 huamua, na anayeshindwa hana rufani. Kila mkondo una kasoro yake. Pale ambapo idhini inahitajika kwa kila jambo, mnyonya damu hubaki na meno yasiyouma: hatari inapojadiliwa hadi kumalizika, hofu huondoka, na pamoja nayo huondoka sababu ya kusimulia. Pale ambapo dadu hutawala peke yake, wahusika wakongwe wenye nguvu waweza kuwawinda wageni kwa burudani, na mtu aliyemlea mhusika wake kwa miezi humpoteza kwa usiku mmoja.

Hapa mgongano wa msingi hujitokeza. Hadithi ni ya kiumbe atwaaye bila kuuliza. Sheria ya nyumba husema asitwae mtu bila kuuliza. Yamkini suluhisho ni kutofautisha idhini ya tokeo na idhini ya aina ya mambo. Mchezaji hakubali mapema kwamba mhusika wake atakufa. Hukubali kwamba katika nyumba hii kufa kunawezekana, na hutaja yale asiyotaka kuyaona kamwe. Ron Edwards aliyaeleza haya kwa istiari ya mistari na mitandio: mstari hauvukwi, na kilicho nyuma ya mtandio hutokea bila kuonyeshwa. Istiari hii ni ya kihakiki kamili, kwa maana fasihi yote huchagua cha kuonyesha na cha kusitiri.

Wasiokuwamo nyumbani

Hata hivyo, idhini ya waliomo ina kikomo. Mwaka 2018 toleo la tano la mchezo lilitoka likiwa na kiambatisho kuhusu kuchezeana kwa kujaliana. Mwaka huohuo, kitabu kingine cha toleo hilo kiliyafanya mateso halisi ya wanaume wapenzi wa jinsia moja huko Chechnya kuwa pazia la njama za wanyonya damu. Lawama zilikuwa kali. White Wolf iliomba radhi, sehemu ile ikaondolewa, na Novemba mwaka huo Paradox Interactive, iliyoimiliki, ikatangaza kwamba White Wolf haitaendelea kuwa kampuni inayojitegemea. Kosa halikuwa la kumwumiza mchezaji aliyeketi mezani. Walioumizwa hawakuwa na kiti mezani, na hakuna kanuni ya nyumba iliyowauliza.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kulipima jambo hili. Luise White, katika Speaking with Vampires (2000), alichambua simulizi za wakati wa ukoloni kuhusu wazimamoto na mumiani waliodaiwa kuwakamata watu na kuwatoa damu, zikiwamo za Nairobi na Kampala. Mumiani si mnyonya damu wa Stoker. Hana kasri wala maisha ya milele. Ana ajira, na nyuma yake ipo mamlaka. Zaidi ya hayo, simulizi zake ni za waliohofia kutwaliwa, si za mtwaaji. Mchezaji atakayemwingiza mumiani katika mchezo kwa nafsi ya kwanza atakuwa amegeuza upande wa sauti, na kanuni ya nyumba inayouliza tu kama wachezaji wenzake wameridhia haitakuwa imeuliza swali linalotosha.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kanuni za nyumba hugawa mtazamo, hugawa kitenzi na hugawa kifo, nazo hufanya hivyo kwa uwazi ambao nadharia nyingi za usimulizi hazijaufikia. Udhaifu wake uko mlangoni: huishia kwa waliokwisha kuingia. Ndani ya hadithi yenyewe, mojawapo ya Mila sita za wanyonya damu humtaka mgeni ajitambulishe kwa mtawala wa mji aingiao. Nyumba bora itakuwa ile inayoipindua mila hiyo, mwenyeji naye ajitambulishe kwa wale ambao damu yao inasimuliwa.