Mzee Maruge Anaongea Kiingereza

Filamu ya The First Grader (2010), iliyoongozwa na Justin Chadwick, inasimulia habari za Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee wa Kenya aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret. Karo ya shule za msingi ilikuwa imeondolewa mwaka mmoja kabla. Wengi huisifu kwa kuonyesha kwamba elimu haina umri. Sina ugomvi na sifa hiyo, na Oliver Litondo ameuigiza uzee bila kuufanya kichekesho. Ugomvi wangu ni wa lugha.

Katika filamu, mzee asiyejua kusoma anabishana na walimu kwa Kiingereza kilichonyooka. Kinachomshinda ni herufi tu. Kwa mtazamaji wa London hilo ni jambo dogo. Kwa anayeitazama Nakivale, kiini cha habari kimeondolewa. Hapa, mama aliyesoma kwa Kiswahili na Kifaransa huko Kongo, anayeandika barua bila kukosea, akifika kituo cha afya au ofisi ya Mbarara anahesabiwa kuwa hajasoma. Akijiunga na darasa la Kiingereza la watu wazima, anarudi mwanzo wa safari aliyokwisha kuimaliza. Karatasi zake anatafsiriwa na mwanawe wa darasa la tatu, na nyumbani mkubwa anakuwa mdogo. Aibu ya kutamka neno, mtoto wako akakusahihisha, filamu haiijui. Badala yake inatupa kaptura na soksi ndefu za mzee, kitu kinachopendeza kwenye picha.

Maruge wa kweli alisema alitaka kujisomea Biblia. Filamu inaipa uzito zaidi barua ya serikali. Biblia ya lugha gani? Haiulizi.

Kuna lingine lililoachwa nje. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimtoa Maruge nyumbani kwake, akaishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani hapo Eldoret, na bado akaendelea kwenda shule. Alifariki Agosti 2009, filamu ikiwa haijaonyeshwa. Mzee wa zaidi ya miaka 80 anatoka hemani asubuhi, daftari mkononi: sehemu hiyo darasa zima la watu wazima hapa Nakivale lingeielewa bila tafsiri chini ya picha.