Geji ya Mdomoni, Joto la Chumbani

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mapaa ya rangi yametapakaa kuanzia Nala hadi Iyumbu na Ihumwa. Fundi akishamaliza kenchi, mwenye nyumba anabaki na safari moja ngumu ya kwenda duka la mabati. Huko anaweza kuuziwa vitu viwili kwa jina moja, unene na ubaridi, akarudi bila hata kimoja.

Hila huanzia kwenye geji, namba ya unene wa bati. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Kwa jedwali la Kiingereza la SWG, geji 28 ni mm 0.376, geji 30 ni mm 0.315 na geji 32 ni mm 0.274. Lakini lipo jedwali jingine, BWG, ambalo geji 32 yake ni mm 0.229 tu. Muuzaji akitamka "thelathini na mbili" bila kutaja jedwali, hajasema uongo, hajasema kitu. Tena kuna anayepima bati pamoja na zinki na rangi yake, ilhali kinachobeba paa ni chuma cha ndani.

Maikromita humaliza ubishi huu, ila si kila mtu anayo. Mizani ipo kila mahali. Chuma cha unene wa mm 0.1 kina uzito wa takribani kilo 0.785 kwa mita ya mraba. Bati la mita 3 lililotoka kwenye koili ya upana wa mm 914 lina takribani kilo 8.1 za chuma likiwa geji 28 ya SWG, na kilo 5.9 likiwa geji 32. Yakifungwa matano na kuning'inizwa kwenye mizani ya kupimia magunia ya alizeti, tofauti ni kilo 11. Hiyo hata rangi haiwezi kuificha. Risiti nayo iandikwe unene kwa milimita, si geji: malalamiko ya ubora hupelekwa Shirika la Viwango (TBS), ya urefu pungufu Wakala wa Vipimo, na ya nembo bandia Tume ya Ushindani.

Sasa ubaridi. Anayesifia bati nene kwamba "halipitishi joto" anapotosha. Unene husaidia dhidi ya upepo, kupinda na kutoboka. Joto la jua la Oktoba hupita kwenye mm 0.4 za chuma karibu sawa na kwenye mm 0.3. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, walijua kwa vitendo jinsi ya kulichelewesha. Paa bapa la tembe, nyumba yao ya jadi, yaani miti na matawi yaliyofunikwa udongo mzito, huchelewesha joto la mchana mpaka usiku, wakati baridi ya uwanda huu imeanza kuuma. Liliwezekana kwa sababu mvua za Dodoma kwa wastani hazifiki mm 600 kwa mwaka.

Kwenye nyumba ya bati, kazi ya kuzuia joto hufanywa na rangi nyeupe ya bati, matundu ya hewa, dari na foili ya aluminiamu. Foili ndiyo inayoharibiwa zaidi. Ikibanwa ikagusana na bati pande zote, inapitisha joto kama chuma kingine. Lazima iachiwe nafasi ya hewa ya sentimita mbili au zaidi. Upande unaong'aa utazame chini, maana vumbi la Dodoma likiutulia juu, mng'ao umekwisha.

Uzembe wa kazi hii umewahi kuua. Mwaka 2009 Serikali ya Australia ilianza kugharamia vizuia joto darini, na kazi ikavamiwa na watu wasio na mafunzo. Vijana wanne walifariki, watatu kwa umeme. Wawili kati yao walikuwa wakibana foili kwa pini za chuma. Mpango ulisitishwa Februari 2010. Foili ikiwekwa wakati wa kupaua, kwa kawaida nyaya bado hazijapita. Kwenye nyumba iliyokwisha kuhamiwa, swichi kuu huzimwa kabla fundi hajapanda, na pini za chuma hubaki chini.