Sikio Kabla ya Bisibisi

Fundi mzuri wa gitaa la umeme utamjua kwa jinsi anavyochelewa kulifungua. Mteja kaja na malalamiko yaleyale, gitaa linavuma, na fundi mwenye papara keshashika bisibisi. Mzuri huchomeka amplifaya, akaongeza sauti, akakaa kimya kusikiliza uchafu wenyewe.

Kelele hazifanani. Ukizungusha kitufe ukasikia mkwaruzo, ndani kuna vumbi. Mvumo mzito ni wa umeme wa ukutani, ambao kwetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde na kuzaa mwingine wa 100. Huo wa 100 unaweza kuutafuta kwa mkono: bonyeza uzi mnene kwenye freti ya tatu, upige, utakuta mvumo umeizidi noti ya G kidogo tu. Marekani, penye mizunguko 60, hila hiyo haifanyi kazi.

Kisha fundi anagusa nyuzi. Kelele ikipungua, ethi ya nyuzi ipo. Kinachobaki ni kuvisha matundu ya gitaa karatasi ya shaba. Isipobadilika, huenda waya unaotoka kwenye daraja umekatika. Ikizidi, mara nyingi waya za jeki zimebadilishana. Kidole kimoja, na nusu ya kazi imekwisha.

Ndipo linafunguliwa. Ncha moja ya mita kwenye daraja, nyingine kwenye bati la jeki: tunataka karibu na omu 0. Namba ikirukaruka, fundi huvutavuta waya taratibu mpaka akute kiungo kilicholehemiwa vibaya, risasi yake ya kijivu, imekaa kama kamasi juu ya mgongo wa volumu. Mgongo ule hunywa moto. Asiyejua huyeyusha risasi na kuidondoshea juu ya chuma baridi. Anayejua hupasha chuma kwanza, risasi ikatambaa yenyewe na kung'aa, naye akaondoa moto upesi kabla volumu haijaungua kwa ndani.

Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliomba hataza ya pikapu, yaani kinasa sauti cha nyuzi, ya koili mbili zilizopingana, ambazo hufuta mvumo na kuacha sauti ya nyuzi. Ni akili kubwa. Lakini wapo wasiotaka kuacha ukali wa koili moja, nami ni mmojawao, kwa hiyo mafundi hawatakosa ugali.

Wapo pia wanaonyamazisha mvumo kwa kukata ethi ya amplifaya. Mvumo huweza kunyamaza kweli. Lakini nyuzi zimeungwa na ethi hiyo, na hitilafu ikitokea umeme hupita mkononi. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey alikufa jukwaani Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni isiyo na ethi. Fundi ninayemsifu huomba aione plagi pia. Akikuta ile pini ndefu ya ethi imekatwa, gitaa halitoki mpaka plagi mpya ifungwe, hata mteja anune vipi.